Bwana Oginga Odinga na Amana ya Shilingi za Watu

Tulipofika Kisumu na kupita katika kitongoji cha Obunga, tuliwakuta akina mama wakikaanga migongo ya mbuta, yale mabaki ya samaki yatokayo katika viwanda vya minofu, ambayo wenyewe huyaita mgongo wazi. Minofu hupelekwa ng'ambo kwa wenye fedha, na vichwa na mifupa ndivyo vibakiavyo kwa watu wa mji. Lakini akina mama hao hawakukaa wakalia. Huyanunua mabaki, huyakaanga, huyauza, na kila mmoja hutenga fedha kidogo akatia katika chama chao, ambacho sisi watu wa pwani twakiita mchezo. Zamu ikimfikia mmoja wao hupokea fungu zima, akanunua mafuta na sufuria, au akamlipia mtoto karo ya shule.

Hatusemi kwamba desturi hiyo ilianzishwa na mtu mmoja, kwani kuchangiana ni jambo la kale katika nchi zetu zote. Lakini palikuwa na mtu katika ufuko huo wa ziwa aliyejaribu kuitoa desturi hiyo barazani na kuifanya sharika yenye daftari, hisa na sheria, zamani ambazo Mwafrika hakudhaniwa kuwa aweza kutunza hesabu ya duka moja. Mtu huyo ni Bwana Oginga Odinga, aliyejulikana kwa jina la heshima la Jaramogi. Watu wengi wamjua kwa siasa tu. Sisi tumeona ni kheri tueleze maisha yake kwa upande wa fedha, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo yatufaayo, mazuri ya kufuatwa na mabaya ya kuepukwa. Hakuwa mtu wa dini yetu. Lakini wanavyuoni wetu wa kale walijifunza hesabu na tiba kwa watu wasiokuwa wa dini yao, wala hawakupungukiwa na kitu.

Alizaliwa mwaka wa 1911 katika nchi ya Sakwa, upande wa Bondo, miaka kumi tu baada ya reli kutoka Mombasa kufika ziwani. Akasoma Maranda, kisha Maseno, kisha Alliance huko Kikuyu, kisha akaenda Makerere katika Uganda kusomea ualimu. Aliporudi alifundisha Maseno, na baadaye akawa mkuu wa shule ya utabibu wa wanyama hapo hapo. Alikuwa mtu asiyependa kudharauliwa. Majina ya Kizungu aliyobatizwa nayo aliyaacha, akawapa watoto wake majina ya wazee wao, na jambo hilo lilimtia katika ugomvi na wamishonari. Angaliweza kukaa katika ualimu mpaka kustaafu, kwani mshahara wa mwalimu siku hizo ulikuwa na heshima yake. Lakini alikuwa akitazama jambo moja ambalo wenziwe wengi walilipita bila ya kulitazama, nalo ni njia ipitayo fedha.

Yafaa msomaji ajue hali ya fedha ilivyokuwa katika zamani hizo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka wa 1919, na makao yake yalikuwa London. Haikuwa benki kuu kama tuzijuavyo leo. Kazi yake ilikuwa kubadilisha tu: pauni ikiwekwa London, shilingi hutolewa huku, shilingi ikirudishwa huku, pauni hutolewa kule. Mali iliyoshikilia thamani ya shilingi zetu ilitiwa katika hati za serikali ya Kiingereza, na hata ulipofika mwaka wa 1955 ndipo Bodi iliporuhusiwa kutia sehemu yake katika hati za serikali za huku. Basi mkulima wa Nyanza aliyeficha shilingi kumi ndani ya chungu, na baharia wa Lamu aliyefunga shilingi zake katika kikoi, wote wawili walikuwa kana kwamba wameikopesha London bila ya kujua, na hali wao wenyewe hawakuwa na wa kuwakopesha.

Benki zilikuwako, nazo tatu kubwa zilikuwa za Kiingereza. Zilipokea akiba ya kila mtu, lakini mikopo yake ilikwenda kwa wafanya biashara wakubwa na wenye mashamba makubwa. Mwafrika alipoomba aliulizwa dhamana. Dhamana ni hati ya ardhi, na ardhi ya maeneo ya Waafrika haikuwa na hati. Juu ya hayo palikuwa na sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa, nayo kwa sheria ya mwaka wa 1948 ilizuia deni lililozidi shilingi 200 lisipopata idhini ya serikali. Walioitunga walisema kuwa wanamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Lakini mtu aliyelindwa na maji hata asipewe ya kunywa, kulindwa huko kwamfaa nini? Tajiri wa jumla hakuthubutu kumpa mwenye duka Mwafrika mali ya kuuza kwa kulipa baadaye, na duka lisilokopeshwa mali halikui.

Wakati huo ndipo vita vikuu vilipokwisha, mwaka wa 1945. Askari walirudi Nyanza na fedha za kiinua mgongo mifukoni. Wengi walifungua vijiduka, kila mtu na chake, mtaji mdogo, bila ya kujua hesabu, na vingi vikafungwa upesi. Bwana Odinga aliyatazama hayo akafahamu kwamba ugonjwa si uchache wa fedha peke yake, bali ni kutawanyika kwa fedha na watu kutoaminiana. Mtu alikuwa radhi kuweka shilingi yake kwa mgeni asiyemjua kuliko kumpa jirani yake. Aliona kwamba taifa lisiloaminiana kwa shilingi haliwezi kuaminiana kwa jambo kubwa kuliko hilo.

Basi yeye na wenziwe wachache wakaanza na nyumbani kwao, wakaunda chama cha kuweka akiba cha Bondo. Kidogo kidogo fikira ikapanuka, na chama kikawa sharika ya Wajaluo wote, kwa jina la Luo Thrift and Trading Corporation. Kuiandikisha hakukuwa kazi nyepesi, kwani wakubwa wa serikali walitia shaka kama Waafrika waweza kuendesha sharika ya namna hiyo. Mwisho iliandikishwa mwaka wa 1947, na Bwana Odinga akawa ameuacha ualimu na kujitia katika kazi hiyo kwa nguvu zake zote.

Mwaka huo huo wa 1947 ndio aliofariki Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, huko kwetu pwani. Hawa wawili hawakuwa na jambo la kuwakutanisha, lakini waliugua ugonjwa mmoja wa moyo kwa ajili ya watu wao. Tangu alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932, Sheikh aliwaonya watu wa pwani juu ya israfu za harusi na matanga, na juu ya nyumba na mashamba yaliyokuwa yakipotea. Maonyo yake yalisomwa, yakasifiwa, yakatiwa sandukuni. Huko ziwani mwalimu wa shule alikuwa akizunguka na kitabu cha stakabadhi. Tusione haya kusema kwamba sisi tulipata neno zuri na wao walipata mkusanyaji wa shilingi, na taifa lataka vyote viwili.

Kazi ya kuuza hisa ilikuwa kazi ya miguu na ulimi. Bwana Odinga alikwenda katika vijiji, akakaa na wazee, akaeleza maana ya hisa kwa watu waliojua ng'ombe na mbuzi tu kuwa ndiyo mali ya kuwekwa. Kisha akawafuata Wajaluo walikokwenda kutafuta kazi, katika reli na bandari na majumbani mwa watu, Nairobi na Mombasa na miji ya Uganda na Tanganyika. Kuli wa bandari ya Kilindini alitoa kwa jasho lake, akapewa karatasi. Nasi twamwomba msomaji aifikiri karatasi ile. Nyuma yake hapakuwa na benki, wala serikali, wala dhahabu. Palikuwa na uso wa mtu aliyekuja kutoka Nyanza akasema kuwa fedha hizi zitatunzwa. Mtaji wa kwanza wa sharika ile ulikuwa amana, na shilingi zilifuata baadaye.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba alichouza kilikuwa hisa, si mkopo wa riba. Mwenye hisa hakuahidiwa ziada iliyokwisha kukatwa. Alikuwa mshirika: biashara ikipata apate naye, ikipata khasara aibebe pamoja na wenziwe. Watu wetu wengi wa pwani walijiweka mbali na benki kwa kuiogopa riba, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini kuiogopa riba kusingaliwazuia kushirikiana kwa hisa, kwani sharika ya faida na khasara yajulikana katika vitabu vya fikihi tangu zamani. Kenya ilipata benki zilizoahidi kufuata sharia katika siku zetu hizi, yaani mwaka wa 2008, na zilipofunguliwa watu walizipokea kwa furaha. Tungaliweza kuanza kwa udogo miaka sitini kabla yake, lau tungalikuwa tayari kuaminiana.

Sharika ilifanya kazi zilizoonekana kwa macho. Ilifungua maduka. Ilipata mtambo wa kupigia chapa Nairobi, ulioitwa Ramogi Press, ukachapa magazeti ya Waafrika wakati ambapo kupata mchapaji wa magazeti hayo kulikuwa taabu. Ilijenga jengo katika mji wa Kisumu, ambako biashara karibu yote ilikuwa mikononi mwa wengine. Faida ya mambo hayo haikuwa ya fedha peke yake. Mwafrika aliyepita akalitazama jengo alijua kwamba tofali moja ni lake, na ile shaka kwamba watu weusi hawawezi ikapungua kidogo.

Mwaka wa 1953 alikwenda Bara Hindi, akatembea na kutazama. Aliona kwamba hata huko walikotoka wenye maduka wa Kisumu mlikuwa na umaskini mkubwa, na kwamba watu wake walijisaidia kwa viwanda vidogo vya mikono na kwa vyama vya ushirika. Akarudi na imani yake imezidi. Katika miaka hiyo hiyo Wajaluo walimfanya Ker, yaani mkuu wa umoja wao, naye akafanya bidii kuwaunganisha walioenea Afrika Mashariki nzima.

Lakini tukieleza mazuri tukanyamaza juu ya mengine, tutakuwa tumeandika sifa, hatukuandika maisha. Sharika haikufika ilikokusudiwa. Mtaji wake ulikuwa mdogo kwa kazi nyingi ilizojitwika. Wenye ujuzi wa biashara walikuwa wachache, na ushindani ulikuwa mkali. Na lililo kubwa zaidi, sharika ilisimama juu ya mtu mmoja. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Bwana Odinga alichaguliwa kwa Nyanza ya Kati, na tangu hapo siasa zikamchukua mzima mzima. Mwaka wa 1958 alisimama katika Baraza akamtetea Bwana Jomo Kenyatta aliyekuwa kifungoni, na hapana ushujaa wa siku zile uliozidi ule. Lakini sharika aliyoilea ilikuwa imekwisha kufifia. Watu walikuwa wamemwamini yeye, na amana hiyo haikuhamishwa kwa daftari, wala kwa wakaguzi, wala kwa baraza la wadhamini liwezalo kudumu mwenyewe akiondoka.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mwaka wa 1964 akawa Makamu wa Rais. Alitaka uhuru wa bendera ufuatwe na uhuru wa mali, na hapo akatengana na wenziwe. Katika vita hivyo vya siasa kila upande ulipokea fedha za wageni, wengine kutoka Magharibi, yeye kutoka nchi za Mashariki, wala hakuficha. Basi yule aliyewafundisha watu kutegemea shilingi zao wenyewe alijikuta naye ategemea hazina ya mbali. Hatumlaumu peke yake, kwani wakati ule ulikuwa hivyo, lakini twaliona jambo hilo kuwa ufa wa kwanza katika ukuta.

Mwezi wa Aprili 1966 alijiuzulu, akaunda chama cha KPU. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, yeye akiwa nje ya serikali, Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa shilingi ya Kenya, na zamani za Bodi ya Sarafu zikaingia ukingoni. Tanzania na Uganda pia zilianzisha benki kuu zao mwaka huo. Hivyo shilingi ikawa na mlinzi wa nyumbani. Mwaka wa 1968 Benki ya Ushirika ilianza kazi, ikisimama juu ya vyama vya wakulima, nayo ilikuwa jamaa ya fikira ile ya Bondo ya miaka ishirini nyuma, ila hii ilikuwa na sheria na serikali nyuma yake.

Mwaka wa 1969, baada ya ghasia na mauaji yaliyotokea Kisumu Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali, KPU kilipigwa marufuku na Bwana Odinga akatiwa kizuizini mpaka mwaka wa 1971. Baada ya hapo alizuiwa kugombea, akapewa cheo katika bodi ya pamba, akaondolewa, akafukuzwa katika KANU mwaka wa 1982 na kuzuiliwa nyumbani kwake. Mzee wa miaka themanini, alisimama tena mwaka wa 1991 pamoja na wenziwe kudai vyama vingi, na baada ya uchaguzi wa Desemba 1992 akawa kiongozi wa upinzani Bungeni na mwenyekiti wa kamati ya kukagua hesabu za serikali. Aliyekuwa mtunza shilingi za Bondo sasa akawa mkaguzi wa shilingi za Kenya nzima.

Na hapo ndipo lilipomfika jaribio la mwisho. Katika miaka hiyo palizuka kashfa ya Goldenberg. Serikali ilikuwa ikiwalipa fidia wenye kuuza bidhaa ng'ambo na kuleta fedha za kigeni, na sharika hiyo ilidai fidia kwa dhahabu na almasi ambazo machimbo ya Kenya hayakuweza kuzitoa. Mabilioni ya shilingi yakatoka katika hazina ya umma kwa kupitia Benki Kuu. Fedha zikazidi mno mikononi, bei zikapanda, na mama wa sokoni ambaye hakulisikia jina la Goldenberg akalipia mchezo huo kwa kila kibaba cha unga. Katika mwaka wa 1993 Bwana Odinga alikiri hadharani kwamba alipokea shilingi milioni mbili kutoka kwa sharika hiyo, akasema kuwa ni mchango. Baadhi ya wenziwe wakubwa wakauacha uongozi wa chama, na watu wengi waliompenda walihuzunika.

Twaweza kusema kwamba alikiri, na wengi waliopokea zaidi hawakukiri. Hilo ni kweli, nalo liandikwe upande wake. Lakini mkaguzi hapokei zawadi kwa mwenye kukaguliwa. Kadhi ajua jambo hilo, na msimamizi wa wakfu ajua, na mama wa Obunga ashikaye daftari la chama ajua pia. Shilingi milioni mbili zilikuwa kitu kidogo mbele ya mabilioni yaliyopotea, lakini zilitolewa katika hazina ambayo haina kiasi, nayo ni imani ya watu waliompa shilingi kumi kumi mwaka wa 1947.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa kwao Bondo kwa mazishi makubwa. Mwaka wa 1996 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili iwe na uhuru zaidi wa kulinda thamani ya shilingi, na mwaka wa 2003 iliundwa tume ya kuichunguza kashfa ile. Marekebisho hayo hakuyaona.

Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Tanga, tuna michezo mitaani mwetu, tuna vyama vya maziko, tuna wakfu za misikiti. Kila kimoja ni sharika ndogo ya fedha. Tukitazame kwa jicho la maisha haya. Je, daftari laandikwa, na kila mwenye haki aweza kulisoma? Mwenye kushika fedha akifa usiku huu, kesho kazi itaendelea? Na je, yuko mmoja kati yetu mwenye kuthubutu kumwuliza mwenyekiti hesabu bila ya kuitwa mfitini? Mji ambao majibu yake ni ndiyo utakuwa na mtaji hata kama wakazi wake ni maskini. Bwana Odinga alithibitisha hayo kwa ujana wake, na kwa uzee wake pia. Mama wa Obunga alipotuonyesha daftari lao, lilikuwa limechakaa kwa mafuta ya samaki, lakini kila mstari ulikuwa na sahihi mbili.